Saba Tatu za Mlali

"Hivi wewe Anastasia, mtu akiharibiwa kitu kisichoshikika, polisi mnaandika nini?"

Jirani yake Mwanaheri alimwuliza hivyo zamani kidogo, wakichambua mchele uani, na Sajenti Anastasia Mkude akamjibu kwamba hakuna kitu kisichoshikika, kila kitu kina uzito wake. Wakacheka wote wawili. Asubuhi hii, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba cha intaneti cha Mzee Mwinshehe, karibu na soko la Morogoro mjini, na jalada magotini, swali lile lilimrudia. Safari hii hakucheka.

Jina la mlalamikaji alikuwa ameshaliandika: Athanas Kobelo, katekista, katibu wa kikundi cha wakulima wa mboga cha Mlali. Jina la mtuhumiwa pia: Sufiani Rehani, fundi wa kompyuta, kijana aliyesoma chuo cha Mzumbe. Palipotakiwa kuandikwa mali iliyoharibiwa palikuwa patupu.

"Andika tovuti," alisema Mzee Athanas. Alikuwa na koti la Jumapili, na kofia yake ameiweka juu ya goti. "Tovuti ya kikundi. Imeuawa."

"Imeuawa au imekufa?"

"Imeuawa, Afande. Kitu chenye fundi hakifi chenyewe. Huyu ni mhujumu."

"Mzee, neno hilo siku hizi hatuliandiki sana. Tangu biashara iachwe huru tunaandika uharibifu tu."

"Andika uharibifu, lakini kwa maana ile ya zamani."

Sufiani alikaa mbele ya kompyuta. Mkono wake wa kushoto ulifungwa pingu kwenye mguu wa meza, wa kulia uliachwa huru kwa ajili ya kazi. Mkuu wa upelelezi alikuwa ametoa maagizo mafupi: karandinga linakwenda mahakamani adhuhuri. Jalada likiwa na kitu, kijana apande, akaanze mahabusu. Likiwa tupu, aachiwe.

Tovuti yenyewe haikuwa kitu kikubwa. Mkulima wa Mlali alikuwa anapiga simu kusema ana matenga ya nyanya au kabichi, Sufiani anaingiza, na mpishi wa hoteli kule Dar es Salaam anafungua kompyuta yake, anaona bei, anaagiza. Dalali hayumo. Ilifanya kazi tangu masika, na watu wakaanza kuezeka bati. Kisha ikazimika. Sasa nyanya zilikuwa zinaiva kwenye matenga, na simu za hoteli zilikuwa kimya.

"Tuanze kama tunavyoanza kwenye kifo chochote," alisema Sajenti. "Nani aliiona mara ya mwisho ikiwa hai?"

"Mimi," alijibu Mzee Mwinshehe kutoka kaunta, ingawa hakuulizwa yeye. "Jumamosi. Niliona bei ya karoti, nikasikitika."

"Na maiti nani aliikuta?"

"Mimi, Afande," alisema Sufiani. "Jumanne asubuhi, umeme uliporudi."

"Ulikatika lini?"

"Jumatatu jioni. Nikiwa kwenye kiti hiki hiki."

Sajenti aliandika, akapiga mstari chini ya Jumatatu. "Nionyeshe."

Sufiani akabonyeza. Kioo kikatoa ukurasa mweupe wenye Kiingereza kidogo juu.

"Kinasemaje?"

"Kinasema kuna kosa ndani ya seva. Anayetaka maelezo amwone msimamizi."

"Msimamizi ni nani?"

"Ni mimi."

"Marehemu kamtaja mtuhumiwa," alisema Mzee Athanas. "Andika hilo, Afande."

Sajenti hakuandika. "Hiyo seva iko wapi?"

"Marekani. Tumepanga. Ni kompyuta moja kubwa, wapangaji wamo wengi sana, kila mmoja na chumba chake."

"Mwenye nyumba mnamjua?"

"Kwa barua pepe tu. Nilimwandikia ilipozimika, akanijibu nikasome masharti ya upangaji."

"Ukayasoma?"

"Ni marefu, Afande."

"Chumba kiko kwa jina la nani?"

"La kikundi," alidakia Mzee Athanas. "Nilisaini mwenyewe. Hatukutaka jina la mtu lionekane."

"Ulisaini jina gani?"

"Langu. Lakini kwa niaba."

Sajenti alimtazama kidogo, akaandika: kwa niaba. Kisha akauliza kama kuna shahidi mwingine. Sufiani akasema yupo, kwa maana seva huwa inarekodi kila kosa linalotokea chumbani, na rekodi hiyo ilikuwa inarudia jambo moja tangu Jumanne: programu imekata kauli kabla ya kuanza kusema.

"Haikusema hata neno moja?"

"Hata moja."

"Basi haikuugua," alisema Sajenti. "Mgonjwa hulalamika kwanza. Hii haikupewa nafasi ya kufungua mdomo. Imeandikwa kwa lugha gani?"

"Python. Kwa Kiswahili, chatu."

Mzee Athanas akafanya ishara ya msalaba. "Mkutano haukuambiwa habari za nyoka."

"Ni jina tu, Mzee," alisema Sufiani. "Mstari wa kwanza wa programu unaielekeza seva mahali chatu alipo. Asipokuwepo pale, programu haianzi."

"Hilo nalo ni jambo," alisema Sajenti. "Tukamwangalie."

Sufiani aliandika kwa mkono mmoja, polepole, kama kuku anayedonoa mtama. Chatu alikuwepo. Hakuwa amehama wala kubadilishwa. Likabaki la pili: kompyuta za hapa zinaacha alama isiyoonekana mwisho wa kila mstari, na seva ya kule haiipendi. Sufiani alisema alishazifuta alama hizo. Sajenti akamwambia afute tena, yeye akiona. Akafuta, akapandisha programu upya, akabonyeza. Ukurasa ukaja mweupe vile vile.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia Kibwana, dalali wa mboga, mwenye Fuso ya bluu inayojulikana kuanzia Gairo mpaka Mlali.

"Salaam aleikum nyote, hata mliofungwa," alisema. "Afande dada, hujambo. Mzee Mwinshehe, shikamoo."

Mzee Athanas alikuwa amekaa hatua moja kutoka pale aliposimama. Kibwana alimpita kama anayepita nguzo, akaenda kukaa kwenye kompyuta ya dirishani.

"Unaona, Afande?" alisema Mzee Athanas. "Tangu tovuti ianze huyu hajanipa shikamoo. Na Jumatatu mtuhumiwa alionekana juu ya gari lake. Mimi ningekuwa polisi ningekuwa nimeshamaliza."

Sajenti alikuwa anatazama kioo cha dirisha, ambamo kompyuta ya Kibwana ilionekana kinyumenyume. Akamwacha aandike, akamwacha abonyeze, ndipo akauliza, "Unasoma nini, Kibwana?"

"Habari za mpira."

"Habari za mpira nazo zina kosa la ndani ya seva?"

Kibwana akageuka. Ukurasa mweupe ulikuwa nyuma ya kichwa chake. Alijaribu kuufunika kwa bega, akaona haina maana.

"Basi nisikilize, dada yangu. Mimi ndiye msomaji wao mkubwa. Kila asubuhi nikimaliza kunywa chai naangalia bei yao, ndipo napanda mlimani. Nikijua hoteli inanunua kwa ngapi, najua mkulima nimwambie ngapi. Tangu kitu hiki kizimike nafanya kazi gizani. Juzi nimenunua kabichi kwa bei ya juu kuliko ya hoteli yenyewe. Mfiwa humu ndani ni mimi, na hakuna aliyenipa pole."

"Alaa," alisema Mzee Athanas. "Kumbe tulikuwa tunamsomesha."

"Na Jumatatu ulimpakia Sufiani," alisema Sajenti.

"Basi halikuja. Akakaa juu ya matenga kama jogoo. Nikamwuliza mkutano wenu wa Jumapili umeamua nini, akasema ni siri ya kikundi. Nikamwacha na siri yake, vumbi lote likamwishia yeye."

Kalamu ya Sajenti ilisimama. "Mkutano gani?"

Sufiani aliangalia pingu. Mzee Athanas aliangalia kofia, akaigeuza, akaiangalia upande wa pili.

"Sufiani," alisema Sajenti. "Kati ya Jumamosi na Jumanne ulibadilisha nini?"

"Mimi sikubadilisha kitu, Afande."

Jana kituoni alijibu hivyo hivyo, na mfuatano wa maneno ulikuwa ule ule. Waongo ambao Sajenti Anastasia aliwahi kuwahoji walikuwa wanaongeza jambo kila wanaporudiwa. Huyu hakuongeza hata nukta. Akafunga jalada.

"Mzee, jua limepanda na wewe umetoka Mlali alfajiri. Pale nje kuna mama ana chai na maandazi ya moto. Nenda ukatie kitu tumboni."

"Nimefunga chai mpaka haki itendeke."

"Haki itachukua muda kidogo, na wewe utazimia kwenye jalada langu. Mzee Mwinshehe, msindikize."

Alikwenda, akigeuka nyuma mara kwa mara. Mlango ulipofungwa, Sajenti akavuta kiti chake karibu.

"Mzee hayupo. Nauliza upya, na siulizi habari zako. Nani alibadilisha?"

Sufiani alivuta pumzi. "Mkutano."

"Mkutano una vidole?"

"Mkutano uliamua, mimi nikatekeleza. Hapo siyo mimi niliyebadilisha, Afande. Ningesema ni mimi ningekuwa nimesema uongo. Na kusema ni wao, mbele ya Mzee, ningekuwa nimewashtaki."

"Uliamua nini?"

Ndipo Sufiani akaeleza. Kila faili kule chumbani lina ruhusa za aina tatu: ya mwenyewe, ya kundi lake, na ya watu wote waliobaki. Mwenye saba anasoma, anaandika na kuendesha. Mwenye tano anasoma na kuendesha tu, haandiki. Programu ya Mlali ilikuwa na saba, tano, tano. Jumapili baada ya misa aliwaeleza wanakikundi mambo hayo, akidhani anawaelimisha.

"Mzee Athanas akasimama," alisema. "Akasema chama kile cha ushirika cha zamani kilikufa kwa sababu meneja alikuwa na saba na mkulima ana tano, ila enzi zile hatukuonyeshwa namba. Akasema ghala letu halijawahi kumzuia mwanachama mlangoni, na hili nalo ni ghala. Watu wakapiga makofi. Mikono ikanyooshwa yote, mpaka ya mama zangu wadogo, ambao hawajawahi kuona kompyuta. Saba kwa mwenyewe, saba kwa kundi, saba kwa wote."

"Na wewe ukanyamaza."

"Mbele ya wazee? Halafu sikuona ubaya. Chuoni programu ikikataa, dawa yetu ya kwanza ilikuwa kufungua ruhusa zote, na inakubali. Jumatatu nikaja hapa, nikaweka saba tatu, nikabonyeza, umeme ukakatika."

"Ikawa unaulaumu umeme."

"Umeme, chatu, alama zisizoonekana. Azimio la mkutano hata sikuliweka kwenye hesabu."

"Fungua masharti ya mwenye nyumba."

Yalikuwa marefu kweli. Sufiani aliyashusha kwa kidole, akisoma kwa kunong'ona, mpaka mahali fulani kidole kikasita.

"Wanasema programu ambayo mtu asiye mwenyewe anaweza kuiandika, hawaiendeshi kabisa." Akasoma tena. "Kwa usalama wa wapangaji wengine. Ndiyo maana chuoni ilikuwa inakubali, kule tulikuwa peke yetu kwenye mashine. Hapa mmoja akiacha mlango wazi, mwizi akiingia kwake anapitiliza kwa wenzake. Kwa hiyo wakikuta mlango uko wazi wanapiga kufuli, hata mwenyewe hapiti."

"Mimi nimepanga mtaa wa Kiwanja cha Ndege," alisema Kibwana kutoka dirishani. "Wenye nyumba wa namna hiyo nawajua. Wangu aliniwekea kufuli kwa sababu ya mlango wa uani."

Sajenti alitazama saa ya ukutani. "Rudisha tano."

Mkono wa Sufiani haukusogea. "Siwezi, Afande."

"Pingu inakubana?"

"Siyo pingu. Ni azimio. Nikilitengua peke yangu, hapo ndipo nitakuwa mhujumu kweli."

"Kijana, karandinga haliko mbali. Utakwenda mahabusu kwa ajili ya namba mbili?"

"Mahabusu nitatoka siku moja. Mlali nikishaitwa mvunja maazimio sitoki humo, na mama yangu anaishi pale."

Kibwana akatikisa kichwa. "Afande dada, mkamate mkutano."

"Mkutano haupandi karandinga," alisema Sajenti. "Sufiani, hakuna anayeruhusiwa kutengua?"

"Katibu. Kwa dharura."

Mzee Athanas alirudi na makombo ya andazi kwenye koti. Sajenti akamkalisha, akamweleza taratibu, nyumba ya kupanga, mwizi, kufuli, mpaka kwenye saba tatu. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, kama anavyosikiliza somo kanisani. Alipomaliza, akauliza jambo moja.

"Kwa hiyo kundi tano, watu wote tano. Na mmoja anabaki na saba."

"Mmoja."

"Nani?"

Sufiani aliinamisha kichwa.

"Mnaona?" alisema Mzee Athanas, na sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. "Sasa nimepata nia yake. Alitaka umeneja tangu siku ya kwanza. Tulipomnyima akaua. Nimekaa miaka yote chini ya mtu mwenye saba, Afande, nikipanga foleni kwenye mlango wake na kofia mkononi. Sirudi huko kwa sababu ya Mmarekani. Mpandishe karandinga. Nyanya acha zioze, zitaoza sawasawa kwa wote."

Nje honi ililia mara moja, nzito. Kila mtu mjini aliijua honi ile ya karandinga. Sufiani aliangalia mlango, kisha mkono wake uliofungwa.

Sajenti alitoa miwani mfukoni, akaifuta kwa kitenge. "Sufiani, nionyeshe mafaili yenyewe. Kila faili na jina la mwenyewe."

"Afande, tuache hilo."

"Nionyeshe."

Aliandika herufi moja moja. Orodha ikashuka, namba upande mmoja, jina upande wa pili. Sajenti akainama, akasoma kwa sauti, polepole, kama anavyomsomea shahidi maelezo yake kabla hajaweka dole gumba.

"Programu ya bei, mwenyewe: athanas. Programu ya maagizo, mwenyewe: athanas. Picha ya kabichi, mwenyewe: athanas."

Mzee Athanas alisogeza kiti. Akaweka kidole kwenye kioo, chini ya jina lake, akakishusha mstari kwa mstari mpaka orodha ikaisha.

"Ni jina lililosainiwa kwenye upangaji, Mzee," alisema Sufiani kwa sauti ndogo. "Seva haijui mambo ya niaba. Kila nikiingia naingia kwa jina lako. Ile saba ilikuwa yako tangu masika."

"Jumapili ulikuwa unajua hivyo?"

"Nilikuwa najua."

"Na hukusema."

"Ulikuwa umesimama mbele ya watu wote, Mzee."

Mzee Mwinshehe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, haingii wala hatoki. Honi ikalia tena.

"Katibu," alisema Sajenti, akifungua jalada. "Nipeleke kijana, au nirudishe tano? Nahitaji neno lako, maana chumba ni chako."

Mzee Athanas alikuwa bado anaangalia jina lake. Alikohoa.

"Rudisha," alisema. "Kwa dharura."

Sufiani akaandika saba, tano, tano. Akabonyeza. Ukurasa ulikaa mweupe kidogo, kwa sababu mstari wa simu ulikuwa mzito, halafu kabichi ya kijani ikaanza kushuka kutoka juu, nusu, kisha nzima. Bei ya nyanya ikafuata. Chini yake yakajipanga maagizo ambayo mpishi wa hoteli alikuwa amejaza kabla ya kuzimika, na yote yalikuwa yanangoja nyanya.

Sajenti Anastasia alifungua pingu. Sufiani akasugua kifundo cha mkono, macho yake yakiwa kwa Mzee. Palipotakiwa mali iliyoharibiwa, Sajenti akapiga mstari mmoja ulionyooka, akatoka mpaka barazani, akalipungia karandinga mkono liende zake.

Aliporudi, Kibwana alikuwa amesimama. Alikuwa ameshanakili bei ya nyanya kwenye kiganja. Alifunga kifungo cha juu cha shati, akapita kati ya viti mpaka mbele ya Mzee Athanas, akaweka mikono miwili nyuma, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, meneja."

"Marahaba," alijibu Mzee Athanas.

Neno lile lilimtoka kwa mazoea, kwa sauti nzuri ya mtu aliyepewa stahili yake, na wote walilisikia. Naye alilisikia. Mdomo wake ulibaki wazi kidogo. Sufiani aligeukia kompyuta haraka, mabega yake yakitetemeka, na Mzee Mwinshehe akaficha uso kwenye kikombe.

Mzee Athanas akachukua kofia yake kutoka kwenye goti. Hakuivaa. Aliishika mkononi, kwa vidole vyote, akainuka, akakung'uta makombo ya andazi kwenye koti. Kibwana aliwahi mlango akamfungulia, akasimama pembeni akiwa wima, kama watu walivyokuwa wakiwafungulia mameneja wa chama kile cha zamani. Mzee akapita mbele yake, akashuka ngazi, akashika njia ya stendi ya magari ya Mlali.